Nabwire Hana Mama

Nafula mwanangu,

Tulichopoteza ni mwaka wako wa tatu wa ufamasia, na tuliupoteza mwezi wa kumi mwaka jana, mchana wa jua kali, kwenye barabara inayotoka Nepal kuingia India. Sijaandika ulichopoteza. Nimeandika tulichopoteza, kwa sababu kwenye barabara hiyo nilikuwepo, ingawa mwili wangu ulikuwa hapa Busia ukipanga mayai. Nitakueleza nilikuwepo vipi.

Wewe uko Amagoro unasukwa nywele za safari. Mimi niko stoo, nimekalia trei tupu. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu unasema "sawa mama" kabla sijafika nusu, mimi napandisha sauti, tunaishia kuongea habari ya chaji. Karatasi haiwezi kunikatiza.

Mambo ya sweta, dawa ya malaria na kula vizuri sitayaandika. Umeishi nje miaka miwili na miezi mitatu, unajua kujilisha. Naandika kwa sababu leo asubuhi nimejua kwamba kesho huendi Kampala kufanya kazi ya majaribio kwenye duka la dawa, kama ulivyoniambia. Na sikujulia kwako. Nilijulia kwenye foleni ya mayai.

Nilikuwa upande ule wa Uganda, kwa Ssalongo, yule mzee anayenijazia trei tangu ukiwa darasa la pili. Alikuwa anafunga kamba, akaniangalia kwa pembeni.

"Nyabo, wewe iko na watoto wangapi?"

"Mmoja. Si unamjua."

"Mmoja tu? Basi Nabwire ni ya nani? Broka ya Malaba alikuja hapa kwa wifi yako na paspoti. Anasema huyo msichana anapanda ndege Entebbe, anaenda India. Mimi nikasema, hee, hawa watu ya Kenya wanazaa watoto wakubwa hivi?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akadakia, "Muache Mama Mayai. Ameatamia kimya kimya."

Na mimi nikacheka. Ungefanya nini? Nikahesabu trei zangu, nikapata thelathini na nane. Nikarudia, nikapata arobaini na moja. Zilikuwa arobaini. Miaka kumi na nane ya biashara hii ya trei sijawahi kuhesabu mara mbili, na leo nilihesabu mara tatu huku watu wakinisubiri.

Niliacha mzigo hapo nikaenda kwa huyo wifi yangu, senge yako, dada ya baba yako. Alikuwa anaanua nguo. Hakukana hata kidogo, na hilo lilinikera kuliko angekana.

"Usinikasirikie," akasema. "Mtoto wa kaka yangu alikuja akalia hapa. Anasema kwenu Busia watu wanamwangalia kama mwizi."

"Kwa hivyo ukampa jina la kukimbilia."

"Sikumpa. Jina ni lake tangu kliniki. Wewe mwenyewe ulikuwa umelala kwa kitanda."

Nikarudi kubeba mayai yangu.

Kwa hivyo sikiza kisa cha hilo jina kutoka kwangu, maana najua broka amekusimulia kama zawadi.

Uchungu wako ulinishika nikiuza mayai ya kuchemsha upande wa Uganda. Baba yako alikuwa ziwani. Mtu wa baiskeli alinibeba hadi kliniki ya karibu, na senge yako akaja mbio. Muuguzi akataka jina la mama mkazi wa pale, la sivyo nirudi Kenya na tumbo langu. Senge yako akasema, "Andika mimi." Ikaandikwa hivyo. Mtoto akaitwa Nabwire, na mama yake, kwa karatasi, ni wifi yangu. Baada ya miezi miwili nikakuandikisha upande huu, Nafula, na mama ni mimi. Sikuona ubaya. Niliona ujanja. Chanjo ulichanjwa pale ambapo hakukuwa na foleni. Shule ya msingi ulisoma pale ambapo walimu hawakuwa wamegoma. Majirani wote wa plot tuliyopanga chumba walikuwa hivyo, kila mtu na kadi mbili, ya Kenya na ya Uganda, na mimi nilijisifu kwamba wengine wamewazalia watoto wao nchi moja, mimi nimekuzalia mbili. Ulipofika umri, senge yako akakutolea na kitambulisho cha kule. Nilijua. Nikanyamaza, kwa sababu niliona ni akiba.

Kisha nikakufundisha kuvuka. Ulikuwa na miaka tisa, na baba yako alikuwa ameshazikwa. Kulikuwa na msimu ambao mayai ya Uganda yalikatazwa, na mimi sikuwa na kazi nyingine ya kutulisha. Nilikutwisha trei mbili, mayai sitini, nikakuambia tembea nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni. Usikimbie, usimwangalie askari machoni, wala usionekane umepotea. Ukiulizwa, unapeleka kwa nyanya. Ukifuata watu, wewe ni watu. Ulirudi na mayai sitini, hakuna hata moja lililopasuka, na nikakununulia soda. Nimemfundisha mtoto wangu mambo mengi, kusali, kufua, kupima yai kwa tochi kuona kama ni viza. Lakini lililokukaa vizuri kuliko yote ni hilo la kufuata watu.

Ulipopata nafasi ya India sikuogopa mpaka hata mmoja. Niliogopa chakula.

Na miaka miwili hiyo, Nafula, ilikuwa tamu. Sitaki ufikiri nimesahau. Ulikuwa unanipigia Jumapili nikitoka kanisani, nami naweka simu kwa spika, wenzangu wanasikiliza. Ulituambia kuhusu treni yenye vitanda vitatu juu kwa juu, na wewe unalala cha juu kabisa, pua yako inagusa feni. Ulituambia kuhusu siku ya kurushiana rangi, ulivyorudi hosteli kijani hadi meno, na mlinzi akakukatalia mlango akidhani ni mwanafunzi mwingine. Ulivyowapikia chapati zetu wasichana wa hosteli, wakasema hii si chapati, hii ni godoro. Ulivyopanda basi usiku kucha kwenda kuona bahari, ukaonja maji, ukanipigia simu kuniambia kweli ni chumvi. Mama mmoja wa pale sokoni, anayeuza omena, hajawahi kupita Kakamega, lakini anaweza kukuelekeza kutoka stesheni hadi hosteli yenu. Nilijua majina ya vituo. Nilikuwa nasafiri, mwanangu. Mimi niliyeacha shule darasa la sita nilikuwa nasafiri na miguu yako.

Ndiyo maana uliponiambia utaenda Nepal kwa kina Sunita, mwenzako wa chumbani, kwa sikukuu yao kubwa, sikuuliza swali hata moja la maana. Niliuliza kama kuna baridi.

Unakumbuka ulivyonisimulia huo mpaka? Nakumbuka neno kwa neno, nimelirudia mara nyingi. Ulisema, "Mama, ni Busia tupu." Ulisema kuna lango barabarani na malori yamepanga, baiskeli za matairi matatu zinabeba watu na magunia, akina mama wamejitwika mizigo, wabadilishaji pesa wanaita, na hakuna anayemuuliza mtu kitu. Watu wa nchi hizo mbili wanapita tu, kama sisi. Kina Sunita wakapita. Ukachukua begi lake moja, ukatembea nyuma ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni, hukukimbia, hukuangalia askari. Kulikuwa na ofisi ndogo pembeni ya barabara ambako mgeni kama wewe anapigwa muhuri wa kutoka, na ng'ambo nyingine ya muhuri wa kuingia. Hukuziona. Ungezionaje? Nilikulea usizione.

Ulinipigia ukicheka. Na mimi, mama yako, nikacheka nikasema, "Umetoka kwangu."

Siku hizo za kwao ulizisimulia vizuri sana. Bibi yake Sunita aliyekubandika mchele mwekundu kwenye paji la uso na kukubariki kwa lugha usiyoijua, akikushika mashavu kama wake. Bembea ya mianzi mirefu waliyowajengea watoto. Alfajiri mlipopanda paa la nyumba na mlima ukatokea mweupe, na ukasema ulidhani ni wingu hadi Sunita alipokugeuza kichwa kwa mikono. Ukanyamaza kwenye simu. Sijawahi kusikia ukinyamaza kwa furaha kabla ya hapo.

Halafu mkarudi, na kwenye lango lile askari akawaacha wote waliofanana na watu wa pale, akakunyooshea kidole wewe. Hukuwa watu. Ulikuwa wewe peke yako, mweusi, na paspoti isiyo na muhuri.

Wiki karibu tatu ulilala ndani. Sitaandika zaidi kuhusu siku hizo, unazijua kuliko mimi. Nitaandika jambo moja tu ambalo hulijui, kwa sababu lilitokea upande wangu wa simu.

Siku ya pili nilimpata mama mmoja kwenye ubalozi wetu kule. Sauti ya kuchoka, mtu wa watu. Akaniuliza, "Wewe ni nani kwake?" Nikasema mimi ni mama yake. Akaniambia nitume cheti cha kuzaliwa. Nilikimbia na boda hadi kwa yule kijana wa kupiga chapa, akakituma. Baada ya saa moja yule mama wa ubalozi akanipigia: "Mama, nimeona jina lako hapa. Sasa ninaweza kuuliza habari zake." Kuanzia hapo alikuwa ananipigia kila jioni, hata siku ambazo hakuwa na la kusema. Ndiye aliyejua uko seli gani. Ndiye aliyepeleka sabuni. Ndiye aliyepigania ufukuzwe nchini, usifungwe. Mlango wote huo, Nafula, ulifunguliwa na mstari mmoja wa karatasi wenye jina langu.

Sasa fikiria Nabwire akishikwa.

Wewe ni mtu wa hesabu kama mimi, basi fanya hii. Walikuchukua alama za vidole kumi pale kituoni, na kumi tena uwanja wa ndege walipokurudisha. Jina unaweza kulibadilisha kwa broka wa Malaba. Vidole ni vilevile kumi. Broka amekuambia India ni kubwa, watu ni wengi, mashine hazisomani. Mimi nauza mayai. Katika trei kumi, mayai mia tatu, navunja manne au matano njiani, na mteja akiniuliza kama atapata mabovu namwambia ukweli: machache. Muulize broka katika wasichana kumi aliowapeleka na majina ya pili, wangapi walivunjika. Akikuambia hakuna, huyo hajawahi kubeba mayai.

Na ukivunjika, nani atapiga simu? Nitaenda ubalozi wa Uganda niseme mimi ni nani kwa Nabwire? Wataangalia karatasi. Mama wa Nabwire ni mwanamke mwingine. Mimi ni Mkenya muuza mayai anayesumbua ofisi. Na ubalozi wetu nao utasema, hatuna raia wa jina hilo. Senge yako anakupenda, simkatalii, lakini leo nilimuuliza, "Akishikwa, utakwenda kujisema wewe ni mama yake, mbele ya askari, na karatasi za uongo?" Akaendelea kukunja nguo. Alikunja shati moja mara mbili.

Najua benchi ya mtu asiye na kwao, mwanangu. Nimeikalia. Ulikuwa kidato cha pili, nikakudanganya kwamba nilikwama Mbale. Nilikuwa hapa hapa mpakani. Siku hiyo nilitoa kadi ya Uganda, afisa akaniuliza nilizaliwa mwaka gani, na mdomo ukatoa mwaka wa kadi ya Kenya. Akauliza tena, kwa upole hata, "Mama, sasa wewe ni yupi?" Wa Uganda akasema huyu ni Mkenya, mpelekeni dirisha lile. Wa Kenya akasema kadi ni ya Uganda, arudishwe kwao. Dirisha na dirisha ni hatua chache, jengo ni moja, na mimi nilikaa katikati tangu asubuhi hadi jioni, mayai yangu yakichemka juani nje. Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenitukana. Hawakunitaka tu. Waliniachilia kwa sababu kila mmoja hakutaka kuandika. Mimi niliachiliwa kwa sababu nilikuwa kilomita moja kutoka nyumbani, na nusu ya wale maafisa wamekula mayai yangu. Wewe utakaa kwenye benchi ya nani huko?

Wiki hiyo niliichoma kadi yangu ya pili kwenye jiko. Yako nikaiacha kwa senge yako. Nilijiambia itakusaidia siku moja. Hiyo ndiyo siku ninayoilipa leo.

Najua unachokimbia. Sio India unayoitaka, unataka kutoka hapa. Ulirudi, na siku ya pili tu mtu wa boda akakuita "daktari wa India" akicheka, na kila anayenunua yai anauliza shule imefungwa lini. Ulisema, "Mama, huku mimi ni yule aliyefukuzwa." Nami nikakujibu vibaya, nikasema jikaze. Sikukuambia kwamba kelele hizo ni zangu. Mimi ndiye niliyeweka simu kwa spika. Mimi ndiye niliyegawa mandazi kanisani ulipoondoka. Kama ningekuacha uende kimya, ungerudi kimya. Basi hilo niachie mimi. Jumapili hii nitasimama wakati wa matangazo niwaambie kilichotokea, kwa mdomo wangu, pamoja na sehemu yangu. Wakicheka, watanicheka mimi, na Jumatatu watakuja kununua mayai kama kawaida, kwa sababu hakuna mwenye bei yangu.

Na njia ipo. Uliikunja mdomo nilipoitaja, lakini ipo. Chuo cha Kakamega kimekubali kukuingiza mwaka wa pili. Hesabu: una miaka ishirini na miwili, utamaliza ukiwa na ishirini na mitano. India wamekupa miaka mitano usikanyage. Ikiisha utakuwa na ishirini na saba, mfamasia, na paspoti ya jina lako, na unaweza kupanda treni ile ile kitanda cha juu na kwenda kumsalimia bibi yake Sunita ukipitia ofisi ile ndogo ya pembeni, upigwe muhuri mbele ya kila mtu. Nitakusindikiza mimi mwenyewe kama magoti yataruhusu. Nataka kuuona huo mlima.

Ukienda kama Nabwire, kila askari atakayekohoa nyuma yako kwa miaka miwili utageuka. Hutapanda treni. Hutapanda basi kwenda baharini. Utaishi kati ya hosteli na darasa, na ukinipigia utaninong'oneza, na mimi sitaweza kulitaja jina lako kwa sauti sokoni. Hiyo si safari. Nilivuka mpaka hivyo miaka yote, najua ladha yake.

Siwezi kukufungia. Wewe ni mtu mzima, na nimefikiria hata kuficha begi lako, nikaona aibu. Nimefikiria kwenda kumshtaki broka, nikakumbuka jina litakaloandikwa kituoni ni lako. Nimebaki na kuuliza.

Boda wa Amagoro atakuletea barua hii kabla hujamaliza kusukwa. Basi la Kampala linatoka saa moja asubuhi. Mama wa ofisi ya Kakamega anangoja simu yangu saa mbili, la sivyo nafasi anampa mwingine. Mimi nitakuwa hapa stoo kuanzia saa kumi na moja alfajiri, nikipokea lori. Usinitumie ujumbe, usimtume mtu, usiniambie "sawa mama". Njoo mwenyewe usimame mlangoni kabla ya saa kumi na mbili, na unijibu jambo moja, ndiyo au hapana: hiyo paspoti ya Nabwire, utanipa mkononi?

Mama yako, aliyeandikwa na asiyeandikwa.